Ndigana Haijui Sikukuu

Chukueni kalenda ya ukutani tuhesabu pamoja. Jumamosi 52. Jumapili 52. Sikukuu za taifa na za dini, kuanzia Mwaka Mpya na Mapinduzi hadi Krismasi na kesho yake, zinafika 17. Toa zile zinazoangukia mwisho wa wiki, bado unabaki na karibu theluthi ya mwaka ambayo ofisi za serikali zimepigwa kufuli. Theluthi ya mwaka! Halafu kwenye kikao cha wafugaji anasimama ofisa, kitambulisho kinaning'inia shingoni, anatueleza kwamba matibabu ya mifugo siku za sikukuu ni changamoto ndogo. Ndogo kwa nani?

Ng'ombe wa Rulenge hajui Muungano ulifanyika tarehe ngapi. Mbuzi wa Nyakahura akikwama kuzaa alfajiri ya Idd, mtoto tumboni hasubiri watu watoke kuswali. Na Jumatatu ya Pasaka, kijana wa kuchunga akienda kula sikukuu kwao, ng'ombe akakata kamba na kuingia kwenye maharage mabichi ya jirani, tumbo litavimba upande wa kushoto kama ngoma, na muda wa kumwokoa utahesabiwa kwa saa. Jumanne asubuhi, ofisi ikifunguliwa, kazi iliyobaki ni kuchimba shimo.

Lakini acha hayo ya dharura za ghafla. Tuzungumzie ndigana kali, maana huyo ndiye mwizi wetu wa kila mwaka hapa Ngara na Biharamulo. Kupe wa kahawia anayependa kujificha masikioni hustawi kwenye mvua. Mvua zetu huanza kushika kasi mwishoni mwa mwaka; ikifika Krismasi majani yako magotini na kupe wamo humo. Mnyama aliyeumwa na kupe mwenye vijidudu hukaa wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, bila kuonyesha lolote. Kisha homa inapanda, kipimajoto kinasoma 40, kinasoma 41. Tezi iliyo chini ya sikio inavimba, ya mbele ya bega inafuata. Anaacha kula, macho yanatoa machozi, anaanza kuhema. Mwisho mapafu yanajaa maji na povu jeupe linamtoka puani.

Dawa ipo. Wafugaji wengi wanaijua kwa jina la Butalex: mililita moja kwa kila kilo 20 za uzito, ndani ya msuli wa shingo, na mara nyingine sindano ya pili baada ya saa 48 hadi 72. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 15. Dawa hiyo huponya vizuri ikiwahi. Povu likishaonekana puani, sindano ni ya kumfariji mwenye ng'ombe. Sasa hesabu mwenyewe. Homa imeanza tarehe 24 Desemba. Sindano ya kwanza inatakiwa siku hiyo hiyo au Krismasi yenyewe, ya pili tarehe 27. Ukisubiri ofisi ifunguliwe, siku uliyotakiwa kumaliza tiba ndiyo unaianza. Kati ya tarehe 24 na 27 ndipo ng'ombe anapogeuka ngozi.

Twende kwenye nyumba yoyote yenye ng'ombe mmoja wa maziwa, Kabanga au Lusahunga. Mama anaamka kukamua, anakuta chombo hakijafika nusu. Anashika sikio la ng'ombe, moto. Anapiga simu kwa ofisa mifugo wa kata: haipatikani. Anamtuma mtoto duka la dawa za mifugo: limefungwa, mwenyewe yuko kanisani, na akitoka kanisani ana wageni. Anakumbuka kuna mzee jirani ana chupa ya OTC, antibiotiki ya oksitetrasaiklini, iliyobaki tangu mwaka jana. Mzee anakuja na bomba la sindano alilolichomoa kwenye nyasi za paa, anakisia dozi kwa jicho, anachoma. Mzee huyo hana ubaya wowote. Ametoka nyumbani kwake sikukuu kumsaidia jirani. Ila OTC inafaa kwa ndigana baridi. Ndigana kali ikishapamba moto, OTC haitaipunguza kasi. Siku mbili zimepotea, maziwa yenye dawa yamenywewa na watoto, na usugu wa dawa tunaohubiriwa kwenye semina umepata mtaji mwingine. Huyo mzee ndiye huduma yetu ya mifugo siku ya sikukuu. Mengine ni mabango.

Sasa niulize swali ambalo nimelibeba muda mrefu. Mbona machinjio hayafungwi?

Mkesha wa Krismasi na asubuhi ya Idd ndizo siku za kuchinja kuliko zote katika mwaka. Nyama haitakiwi kuuzwa bila kukaguliwa na kupigwa muhuri, kwa hiyo mtaalamu hupatikana. Hupatikana saa kumi na moja alfajiri, na mabuti miguuni, na kisu cha kukagulia maini. Mnada wa mkesha nao una mtu wa kuandika vibali vya kusafirisha mifugo. Ushuru unakusanywa, risiti zinatoka mashineni. Kumbe mtu yupo! Kumbe sikukuu inaweza kuwa na ratiba, usafiri na mtaalamu, mradi ng'ombe anakwenda kufa na kuna kitu cha kutoza. Ng'ombe anayetaka kuishi ndiye anayeambiwa arudi siku ya kazi.

Sisemi ukaguzi wa nyama usifanyike. Ufanyike, na uongezwe ukali, maana kimeta hakichagui mezani kwa nani. Ninachosema ni kwamba hoja ya kuwa haiwezekani imekufa. Inawezekana, na inafanyika kila Desemba 24, machinjioni.

Kuna na kichekesho cha Nanenane. Tarehe 8 Agosti ni sikukuu yetu, wakulima na wafugaji, imewekwa na nchi kwa heshima yetu. Maonyesho ya kanda yetu hufanyika Nyamhongolo, Mwanza. Wataalamu wanakwenda huko, wanasimama kwenye mabanda na madume yaliyoogeshwa, wanafundisha watu wa mjini jinsi ya kufuga. Huku vijijini, katika siku iliyobeba jina letu, mwenye mbuzi mgonjwa anabaki anawatazama kwenye televisheni. Ninayapenda maonyesho. Ila kata isiachwe mikono mitupu wiki nzima.

Na watu wa Biharamulo hatuhitaji kufundishwa gharama ya kuchelewa kutoa taarifa. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani kwetu. Ilipofika Machi 13 ndipo mlipuko ukatangazwa kuisha. Marburg hutunzwa na popo wala matunda, hilo si la bwana mifugo peke yake. Lakini kimeta, kichaa cha mbwa na ugonjwa wa kutupa mimba huanzia zizini na uani kabla ya kufika wodini. Mtu wa kwanza kuuona mzoga usio wa kawaida ni mfugaji, na wa pili anatakiwa kuwa ofisa mifugo. Wilaya inayopakana na misitu ya Burigi-Chato, iliyo hifadhi ya taifa tangu 2019, yenye nyati na mbung'o, yenye njia panda ya Nyakanazi inayopitisha malori ya kutoka kila upande, haiwezi kufumba macho kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka. Ngara nayo inapakana na Rwanda na Burundi. Ng'ombe wa mpakani hana pasi ya kusafiria.

Nije kwenye jambo ambalo wakubwa hawalijui kwa sababu halimo kwenye fomu zao. Wafugaji tuna orodha yetu ya madaktari wa mifugo. Haijachapwa popote. Inatembea kwa ujumbe wa simu: "Mpigie huyu, anapokea hata sikukuu." Jirani kamtumia shemeji, shemeji kawatumia wenzake wa kwaya, namba imetoka Rulenge imefika Murusagamba, imetoka Lusahunga imevuka hadi Kakonko. Hakuna anayeuliza huyo mtu alisoma chuo cha mifugo cha Kikulula au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ana stashahada au shahada. Wanauliza kama alipokea, na kama alisema ukweli pale ng'ombe alipokuwa hana matumaini tena.

Kijana wa mifugo anayelalamika kwamba Krismasi hailipi, na anisikilize hapa. Siku ya kawaida ukimtibu ng'ombe wa mama, anakuona mama na kuku wake. Krismasi ukoo mzima uko nyumbani. Yupo mtoto wa Dar es Salaam, yupo wa Mwanza, yupo dada aliyeolewa Kahama. Na huyo wa Dar, usisahau, mara nyingi ndiye mwenye ng'ombe. Mama ni mtunzaji tu. Ndiye anayetuma hela ya dawa kwa M-Pesa. Mwaka mzima amekuwa akisikia habari za daktari kwa simu, akishuku kwamba nusu ya fedha inaishia njiani. Leo amekuona kwa macho yake ukivua shati la sikukuu, ukipima joto, ukimwonyesha tezi iliyovimba aiguse kwa kidole, ukiandika dozi kwenye karatasi. Mtu huyo akirudi Dar ana marafiki wenye ng'ombe kwao Mbuba, Kanazi na Nyabusozi. Namba yako inaondoka naye kwenye basi. Safari moja ya Krismasi, hata kama faida yake iliishia kwenye petroli, inaweza kukuletea wateja wa mwaka.

Na simu iliyozimwa nayo inatangazwa. Mjue hivyo. Kwenye matanga, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, watu wanasema kwa jina: fulani usihangaike naye.

Utumishi wa umma una mfumo wa kupima utendaji, PEPMIS, ambamo mtumishi hujaza majukumu yake kwa kompyuta na bosi wake hubofya. Sina ugomvi na kompyuta. Lakini nataka kujua ni kisanduku gani kinaonyesha kwamba huyu alikwenda Ntobeye usiku wa Idd na yule alizima simu. Wafugaji wanajua. Mkurugenzi akitaka kujua mtaalamu wake yupi anafanya kazi, aende mnadani akaulize watu kumi watoe simu zao mfukoni na waonyeshe wamehifadhi namba ya nani. Atapata tathmini ya kweli kwa nusu saa, bila posho ya kikao.

Ila hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi, maana tumeufanya moyo wa mtu mmoja kuwa sera. Mtaalamu mwema anapokea simu Krismasi. Kwa sababu amepokea, namba inasambaa. Kwa sababu imesambaa, Pasaka anapigiwa na kata tatu zisizo zake. Hana msaidizi, hana posho ya kuitwa nje ya saa za kazi, mafuta ya pikipiki anatoa mfukoni, mke kanuna, watoto wamekula pilau bila baba. Baada ya miaka michache ama anachoka na kuzima simu kama wenzake, ama anahamishwa. Akihamishwa, namba inaendelea kusafiri huku mwenyewe hayupo. Watu wa Ngara wanampigia akiwa Mtwara. Kila kitu alichokijenga, imani yote ile ya watu, kimeondoka naye kwenye laini yake binafsi, na anayekuja kuchukua nafasi yake anaanza na kijiji kisichomjua.

Tangu miaka ya 1990 sera ilikuwa kwamba Serikali ijitoe kwenye tiba ya mnyama mmoja mmoja, sekta binafsi ishike. Sekta binafsi ilifuata fedha: kuku wa mayai wa mijini, nguruwe, mbwa wa wenye nazo. Ngara ilibaki na mtumishi wa halmashauri aliyeajiriwa kutoa ushauri, ambaye anatibu kwa makubaliano ya pembeni kwa sababu hakuna mwingine. Sote tunajua hivyo ndivyo ilivyo na sote tunajifanya hatujui. Basi tuiweke mezani, ipangiwe bei na zamu.

Mbona watumishi wengine wanaweza? Hospitali ya Murgwanza haiwafukuzi wajawazito Krismasi kwa kuwa ni sikukuu. Wauguzi wana zamu. Polisi wana zamu. TANESCO wana namba ya dharura, wapokee haraka au wachelewe, lakini ipo. Huko Uingereza kanuni za maadili za chuo cha kifalme kinachosajili madaktari wa wanyama humtaka kila anayetibu ahakikishe kuna utaratibu wa dharura saa 24, usiku na sikukuu. Hawakutegemea huruma, walijua itachoka. Sheria yetu ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la kusajili na kusimamia taaluma hii. Baraza hilo lina sauti. Liitumie kuzibana halmashauri kuhusu zamu za sikukuu, lisiishie kuuliza nani ana leseni.

Na sisi wafugaji tusijifanye malaika. Mtu anamtoa mtaalamu mezani kwake siku ya Idd, anamleta kwa pikipiki kwenye matope ya Keza, ng'ombe anatibiwa, halafu anasema, "Nitakurushia kesho." Kesho hiyo haifiki. Jioni ile ile amenunua kreti mbili za soda na nyama ya kutosha ukoo. Mbaya zaidi anamwelekeza na jirani: "Mwambie nimekutuma mimi, hatakudai." Hebu tazama unyama huo! Umemlipa mtu kwa kumletea mdaiwa mwingine. Kumwelekeza mteja ni kumdhamini. Ukinituma kwa daktari wako, unamwambia kwamba mimi ni mtu wa kulipa na ng'ombe wangu hajachomwa sindano tano za kubahatisha kabla hajaitwa. Kama huwezi kusimamia maneno hayo, usitoe namba ya watu.

Halafu wapo wanaoelekeza kwa kamisheni. Muuza duka anakutuma kwa mpwa wake ambaye ujuzi wake wote ni kufungua chupa, kwa sababu mpwa ataandika dawa zinazouzwa dukani humo humo. Ng'ombe anachomwa dawa tatu siku moja, bili inalingana na bei ya ndama. Maelekezo ya aina hiyo ni udalali, na dalali wa ng'ombe tunamjua tangu zamani. Mtaalamu ninayemheshimu ni yule anayenitazama na kusema hili limenizidi, ngoja nimpigie wa wilayani, au tuchukue sampuli iende maabara ya mifugo Mwanza. Huyo hajapoteza mteja. Mimi nimewatuma kwake watu wengi kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

Basi nisikilizwe ninachodai, maana hakihitaji mfadhili wala andiko la mradi. Kata tatu zilizo jirani ziunganishwe ziwe na zamu moja siku za sikukuu, ili watu wawili wale na familia zao na mmoja awe kazini, na sikukuu ijayo wabadilishane. Kila kata iwe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la ofisi, inayobaki pale mtu akihamishwa, ili namba ninayompa jirani leo iwe hai baada ya miaka kumi. Bei ya kuitwa sikukuu iandikwe waziwazi, iwe juu kidogo kuliko ya siku ya kazi, mfugaji ailipe kabla pikipiki haijageuka kurudi. Duka moja la dawa katika kila tarafa lipangiwe zamu pia, liwe na Butalex kwenye rafu. Ratiba isomwe Radio Kwizera siku tatu kabla, isomwe kwenye matangazo baada ya misa na msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na ibandikwe mlangoni kwa mtendaji wa kata.

Posho ya aliye zamu itoke kwenye ushuru wa machinjio wa msimu huo huo wa sikukuu. Fedha hiyo imetoka kwa ng'ombe wetu, na siku ilipokusanywa hakuna aliyesema ofisi imefungwa. Tarehe 24 Desemba nitapita mlangoni kwa mtendaji. Nisipoikuta karatasi ya zamu, kikao cha kwanza cha baraza la madiwani mwezi Januari nitakuwa kwenye viti vya wananchi, na diwani wangu atakuwa na swali moja la kumuuliza mweka hazina: zilichinjwa ng'ombe wangapi siku ile, na ushuru wake uko wapi?